Ridhaa ya Mwenye Pamba Mdomoni

Daktari aliyening'oa gego asubuhi ile aliniagiza niiume pamba kwa nusu saa, nisizungumze wala kutema mate, kwa kuwa damu ingeweza kuanza upya. Shavu likiwa lingali na ganzi, nikapitia nyumbani kwa ami yangu, Ngamiani, mjini Tanga, ambako kikao cha harusi ya mpwa wangu kilikuwa kimekwisha kufika kwenye jambo zito, yaani kitoweo. Huyu alikuwa amechukua mchele, yule turubai, na mwingine, ambaye ukoo mzima tunamjua, amechukua kuomba dua.

Ami akanigeukia. "Mwanangu, wewe ndiye mjomba mtu. Tukuandikie mbuzi wawili?"

Nikatikisa kichwa, nikaguna, nikaonyesha shavu. Watu wakanong'onezana kwamba maskini, furaha imemkaba koo. Ami, ambaye huipenda sana fikihi, yaani sheria za Kiislamu, inapoegemea upande wake, akatoa hukumu papo hapo: mwanamwali akiombwa idhini ya kuozwa, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake, basi na huyu ameridhia.

Shangazi, Mungu amweke, akainuka kunitetea. Alisema hukumu hiyo ni ya mwanamwali peke yake, na kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa akaachika hakubaliwi kimya chake, bali ni lazima atamke kwa ulimi. Na huyu, akaninyooshea kidole mbele ya wakwe watarajiwa, ndoa yake ya kwanza imevunjika na ya pili inatutia wasiwasi, kwa hiyo uwali ameupatia wapi? Atamke!

Hoja ikapita bila mpinzani. Macho yote yakanielekea, nami nikajikakamua kueleza kwamba kwa bei za siku hizi mbuzi wawili walionona ni karibu sawa na ng'ombe mzima, na mimi hata kuku sina. Mwanzo wa maneno yangu ulimezwa na pamba, mwisho wake ukapotelea katika mate yenye damu, na kilichosikika bayana, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, kilikuwa "ng'ombe mzima".

Vigelegele vilianzia jikoni vikatokea barabarani. Ami alinikumbatia. Katibu, kijana mwepesi wa kalamu, akafuta "mbuzi wawili" katika daftari lake, akaandika upya, kisha akaniuliza kwa adabu zote iwapo ng'ombe nitamleta akiwa hai au nitamleta amekwisha kuchunwa.