Usiniulize upepo, niulize maji

Kila msimu wa vimbunga ukiingia, kuanzia Juni mpaka Novemba, simu yangu hapa Houston haikosi kuita kutoka nyumbani. Mama yuko Unguja, ameona kitu kwenye taarifa ya habari, na swali lake ni lilelile: "Hicho kimbunga daraja la ngapi?" Nikimwambia la 1, anashusha pumzi na kunipa habari za harusi za mtaani. Nikimwambia la 4, hakati simu mpaka nimwapie kwamba nina maji na mishumaa ndani.

Simlaumu, maana Wamarekani wenyewe huuliza hivyohivyo. Kipimo hicho cha madaraja kilibuniwa na mhandisi Herbert Saffir na mtaalamu wa hali ya hewa Robert Simpson, na siku hizi kinapima upepo tu: ukifika kilomita 119 kwa saa ni daraja la 1, ukifika 252 ni la 5. Hakikuambii maji yatapanda kiasi gani, mvua itakaa siku ngapi, wala nani anaishi bondeni bila gari. Na maji ndiyo yanayoua. Wataalamu wa kituo cha vimbunga cha Marekani walipochambua vifo vilivyosababishwa moja kwa moja na vimbunga kati ya 1963 na 2012, walikuta takriban 9 katika kila 10 ni vya maji, na karibu nusu ya vyote ni vya bahari kupanda nchi kavu.

Sisi watu wa pwani tuna pa kuanzia kuelewa jambo hili, kwa sababu tunalijua bamvua. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari inajaa mpaka inalamba kuta, watoto wanachezea maji yaliyopanda barabarani, na baada ya saa sita maji yameshatoka yamekwenda zake. Sasa chukua bamvua lisilojua mwezi, linalosukumwa na upepo kutoka bahari kuu, likute maji yameshajaa, halafu ligome kutoka. Hilo ndilo lililoingia Galveston tarehe 8 Septemba 1900.

Galveston ni saa moja tu kwa gari kutoka ninapokaa. Ni kisiwa chembamba cha mchanga, na wakati ule mahali pake pa juu kabisa hapakufika mita 3 kutoka usawa wa bahari. Maji yaliyokuja yalipita mita 4.5. Hesabu inayotajwa zaidi ni watu 8,000 waliokufa, wengine husema 6,000, wengine 12,000, katika mji uliokuwa na watu wasiofika 38,000. Mpaka leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi ya hapo Marekani.

Kinachoniuma katika kisa hiki ni kwamba walikuwa na kila sababu ya kujua. Mji wa Indianola, pwani hiyohiyo ya Texas, ulikuwa umepigwa 1875, ukajengwa upya, ukapigwa tena 1886 na watu wakauhama moja kwa moja. Lakini mwaka 1891 mkuu wa ofisi ya hali ya hewa ya Galveston, Isaac Cline, aliandika gazetini kwamba kudhani kimbunga kinaweza kuudhuru vibaya mji wake ni upuuzi mtupu. Ukuta wa bahari haukujengwa. Halafu 1900 wakuu wake Washington walikuwa wamewafungia Wacuba njia ya kupitisha taarifa zao za vimbunga kwenye nyaya za telegrafu, kwa kuwadharau. Wacuba, waliokuwa wameviishi vimbunga vizazi na vizazi, walihisi hiki kinaelekea Ghuba ya Mexico. Washington ilisema kitakata kona kupanda upande wa Atlantiki. Cline mwenyewe aliponea chupuchupu. Mkewe, aliyekuwa mjamzito, alikufa usiku ule.

Kulikuwa na kituo cha yatima cha masista, karibu kabisa na ufukwe. Maji yalipoanza kuingia, masista 10 walichukua kamba za kuanikia nguo, wakawafunga watoto viunoni mwao, kila sista na watoto wake, ili asipotee hata mmoja. Watoto walikuwa zaidi ya 90. Walipona wavulana watatu tu, walioning'inia kwenye mti. Waokoaji waliovuta mwili wa mtoto mchangani walikuta kamba, wakaivuta, ikaja na mtoto mwingine, na mwingine, na mwisho sista. Nilipokwenda Galveston mara ya kwanza nilisimama juu ya ukuta walioujenga baada ya hapo, mita 5 na ushee, watu wanakula aiskrimu na kuendesha baiskeli, nikawa sifikirii kitu ila ile kamba. Ukiingia mitaa ya ndani utaona nyumba za mbao zenye kibao kidogo ukutani kusema hii iliponea mwaka 1900. Sehemu kubwa ya mji iliinuliwa kwa mchanga uliopampiwa kutoka baharini, nyumba zaidi ya 2,000 zikapandishwa kwa jeki. Kazi kubwa kweli, na 1915 kimbunga kingine kilipokuja ukuta ulisimama. Ila waliizika kwanza kama sehemu ya tano ya mji ndipo wakaanza kuchimba msingi.

Nasema waliizika, lakini hawakuzika. Maiti zilikuwa nyingi mno kwa ardhi iliyolowa, zikapakiwa kwenye tishari na kutoswa baharini. Bahari ikazirudisha ufukweni. Ikabidi zichomwe, wiki kadhaa.

Kabla hatujawacheka, sisi Wazanzibari tuna ya kwetu. Nimekua nikisikia kwamba vimbunga ni vya Madagaska na Msumbiji, huku kwetu havifiki. Aprili 1872 kimoja kilifika Unguja, kikalaza mikarafuu na minazi, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ikawa ya Pemba. Tunakula matokeo yake mpaka leo na bado tunasema havifiki.

Kimbunga cha pili kwa mauti katika bara la Marekani ni cha Okeechobee, Florida, Septemba 1928. Huyu muuaji hata hakutoka baharini. Lilikuwa ziwa. Lilizuiwa na tuta la udongo tu, na nyuma ya tuta, mashambani, walikaa vibarua, wengi wao watu weusi, wengi wahamiaji kutoka Bahamas. Siku ile watu walionywa, wakakimbilia mahali pa juu, kimbunga kikachelewa, wakadhani kimewapita, wakarudi majumbani. Usiku upepo ukalisukuma ziwa juu ya tuta, tuta likapasuka. Wazungu waliokufa walitafutiwa majeneza. Maiti 674 za watu weusi ziliwekwa kwenye shimo moja West Palm Beach, na shimo lile likakaa miongo mingi bila hata kibao. Hesabu rasmi ya vifo ilibaki 1,836 mpaka mwaka 2003, ilipopandishwa kuwa angalau 2,500. Miaka 75 kuhesabu upya watu ambao hakuna aliyewaandika majina walipokuwa hai!

Katrina, kimbunga kilichozamisha New Orleans, mnaijua. Wasichokijua wengi ni kwamba ilipogusa nchi kavu Louisiana asubuhi ya tarehe 29 Agosti 2005 ilikuwa imeshuka kutoka daraja la 5 mpaka la 3. Kwa kipimo cha mama yangu, nafuu. Lakini New Orleans karibu nusu yake iko chini ya usawa wa bahari, na kuta za mifereji zilibomoka, nyingine kabla maji hayajafika hata kwenye ukingo wake, kwa kuwa zilisanifiwa vibaya. Asilimia 80 ya mji ikazama. Watu wakapanda darini, maji yakawafuata hukohuko. Wazee wa mji ule waliokumbuka kimbunga Betsy cha 1965 walikuwa na desturi ya kuweka shoka darini, ili ukibanwa uvunje paa utoke. Asiyekuwa na shoka alipiga ngumi mbao.

Nimewahi kusikia mtu akisema, "Si waliambiwa waondoke?" Waliambiwa. Ilikuwa mwisho wa mwezi, hundi za msaada za watu wa kipato cha chini zilikuwa zikiingia tarehe 1, na zaidi ya watu 100,000 mjini hawakuwa na usafiri wao. Uondoke na nini, ulale wapi, ulipe kwa nini? Karibu nusu ya waliokufa Louisiana walikuwa na miaka 75 na zaidi.

Hesabu ya Katrina ilikuwa 1,833 kwa muda mrefu, kisha mwaka 2023 ikashushwa kuwa 1,392. Nakiri hili linaniharibia hoja kidogo, maana nilitaka kusema serikali siku zote huhesabu pungufu. Puerto Rico basi, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani. Kimbunga Maria kilipiga kisiwa kile tarehe 20 Septemba 2017, na miezi mingi serikali ikashikilia kwamba wamekufa watu 64. Wenyewe walijua si kweli. Umeme ulikatika kisiwa kizima, sehemu nyingine karibu mwaka, na mtu wa figo au wa insulini hafi siku ya upepo, anakufa wiki ya sita. Juni 2018 watu wakaanza kupanga viatu mbele ya bunge San Juan, jozi kwa jozi, mamia: viatu vya kazi, ndala, vya mtoto. Agosti mwaka huohuo hesabu ikabadilishwa kuwa 2,975.

Kuhusu orodha za hasara sitasema mengi. Katrina dola bilioni 125, Harvey ya 2017 bilioni 125. Harvey ilimwaga milimita 1,539 za mvua katika mji wa Nederland, Texas, kwa siku chache, karibu na mvua ya Unguja ya mwaka mzima. Andrew ya 1992, ya daraja la 5, ilisaga kusini mwa Florida kwa upepo hasa, hasara bilioni 27, na waliokufa hawakufika 100. Orodha ya pesa inaonyesha tu nyumba zenye bei kubwa ziko wapi. Helene ya 2024 iliua karibu watu 250, zaidi ya 100 kati yao North Carolina, hasa milimani, mamia ya kilomita kutoka baharini, ambako hakuna aliyekuwa akiuliza daraja la ngapi.

Mimi nahudumia wazee majumbani. Julai 2024 ilikuja Beryl, daraja la 1, mama akashusha pumzi kama kawaida. Umeme ukakatika kwa wateja zaidi ya milioni 2, na joto la Houston la Julai halina huruma. Bibi niliyekuwa namhudumia anatumia mashine ya oksijeni. Kampuni tuliyopigia simu ilisema gari liko njiani, siku mbili mfululizo. Usiku wa pili jirani alituletea jenereta, nikakaa nalo mlangoni nasikiliza mlio wake, ukishuka kidogo tu moyo wangu unashuka nao, huku nampepea bibi kwa kifuniko cha boksi. Alipona. Upepo wenyewe ulikuwa umeangusha tawi moja uani.

Mwezi uliofuata nilihama chumba cha chini nilichokuwa nakaa, nikachukua cha ghorofa ya pili. Kodi imezidi dola 90 kwa mwezi. Mama anasema Wamarekani wananila. Nailipa.