Si tope lote la baharini lililoletwa na mito
Makala ninayoitolea maoni hapa inadai kwamba tope lililotanda kwenye sakafu ya bahari ni udongo uliosombwa na mito kutoka nchi kavu. Dai hilo ni sahihi karibu na pwani, lakini kadiri mtu anavyoelekea bahari kuu ndivyo linavyopoteza nguvu. Huko sehemu kubwa ya mashapo ni mabaki ya viumbe wadogo mno walioishi wakielea juu, na niliwahi kuona sampuli yake kwa hadubini: kilichofanana na unga wa kijivu kilikuwa magamba ya foraminifera (viumbe wa seli moja), yenye vyumba vilivyobanana kama vishada, na tone la siki lilipoyagusa yalitoa povu, kwa kuwa ni chokaa. Kwenye kina cha takribani mita 4,500 na zaidi (kiwango hicho hutofautiana baina ya bahari na bahari) chokaa hiyo huyeyuka isirundikane, yakabaki magamba ya silika (madini kama ya kioo) ya diatomu na radiolaria, ambao nao ni viumbe wa seli moja, au ule udongo mwekundu ambao meli ya utafiti ya Uingereza, Challenger, iliuzoa katika safari yake ya 1872 hadi 1876, na ambao huongezeka takribani milimita moja tu kwa miaka elfu. Sehemu ya udongo huo ni vumbi lililopeperushwa na upepo kutoka majangwani. Mto hauhusiki hapo. Je, yupo msomaji aliyewahi kuona tabaka hizo zikikutana katika sampuli moja?