Trauti wa Bwawa Dogo: Idadi ya Vifaranga Haitoshi Kutuongoza

Bwawa la nyanda za juu linapopandikizwa samaki, jambo la kwanza kutangazwa huwa ni idadi ya vifaranga waliomwagwa majini, na ni nadra sana kuelezwa, mwaka mmoja baadaye, ni samaki wangapi waliovuliwa na walikuwa na uzito gani. Kwa perege kasoro hiyo huenda ikavumilika, kwa kuwa perege huzaana bwawani pasipo kusaidiwa. Kwa trauti, samaki wa maji baridi anayependwa na wavuvi wa ndoana, ni kosa la gharama kubwa, na kwa kuwa wapo wanaotamani kuona mabwawa ya Molo, Kuresoi na miteremko ya Mlima Elgon, hapa Kenya, yakiwa sehemu za kuvulia trauti kwa ndoana, inafaa hoja zao na za wanaowapinga zipimwe kabla ya fedha kutumika.

Trauti si mgeni wa jana nchini. Trauti wa kahawia aliletwa mwaka 1905 na kuachiliwa katika Mto Gura, Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua akafuata baadaye, na kituo cha kuzalisha vifaranga cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kilianzishwa mwaka 1948. Huyu wa upinde wa mvua ndiye hupandikizwa zaidi, ila hutaga mayai kwenye changarawe ambamo maji safi yanapita, na katika maji yaliyotuama hazaani. Kwa hiyo kila samaki atakayeonekana bwawani amenunuliwa, na anayekufa haachi mrithi.

Wanaounga mkono mpango huu husema kwamba baridi ya Molo, iliyo karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, inamfaa samaki anayeanza kutaabika maji yanapozidi nyuzi 20 za Selsiasi. Wanasema kweli, lakini ukweli huo una upande wa pili ambao hautajwi mara nyingi. Kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito: maji ya nyuzi 15 yanayoweza kubeba takriban miligramu 10 za oksijeni kwa lita pwani hubeba kama 7.5 tu katika kimo hicho, ilhali trauti hutaka isishuke sana chini ya 6. Nafasi iliyobaki ni finyu. Mbolea inapooshwa na mvua kutoka mashamba ya viazi hadi bwawani, mwani hustawi, na kwa kuwa usiku mwani nao huvuta oksijeni, samaki hukutwa wameelea alfajiri hata kama hakuna aliyetia sumu. Mimi naona kwamba ukanda wa nyasi kuzunguka bwawa, pamoja na mahali maalumu pa kunyweshea ng'ombe, vina thamani kuliko vifaranga elfu moja zaidi.

Mabishano makubwa yako kwenye ukubwa wa samaki wa kupandikizwa. Kifaranga ni wa bei nafuu, husafirishwa kwa urahisi katika mfuko wenye maji na oksijeni, na akikua kwa kula wadudu na viluwiluwi wa bwawa lenyewe huwa na nyama nzuri. Lakini mnandi, korongo na fisi maji nao humpenda, na wengi huliwa kabla ya mvuvi kufika. Samaki aliyelelewa hadi kufikia robo kilo huwaponyoka wengi wa adui hao na huvuliwa ndani ya miezi michache, ila bei yake inajumuisha chakula chote alichokula kwa mfugaji. Wanaopenda vifaranga hujibu hasara kwa kuongeza idadi, na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa: chakula cha bwawa hakiongezeki kwa sababu samaki wameongezeka, hivyo wanaosalia hukonda, wakawa na vichwa vikubwa na miili myembamba. Kwa bwawa dogo lenye ndege wengi, ningechagua samaki wachache waliokwisha kukua, tena waingizwe kwa mafungu wakati maji yana baridi.

Kuhusu kuvua samaki na kumrudisha majini akiwa hai, hoja ya wenye hoteli wanaopokea wageni wa kuvua ni nzito: samaki mmoja akirudishwa anaweza kumfurahisha mgeni wa pili na wa tatu, na ada ikalipwa kila mara. Hata hivyo, sababu ambayo kwa kawaida hutetea kurudisha samaki, yaani kuwaachia wazazi watage, haina nguvu mahali ambapo hakuna atakayetaga. Isitoshe, samaki aliyechoshwa kwenye ndoana katika maji ya joto mara nyingi hufa baada ya kuachiliwa, chini kabisa, pasipo kuhesabiwa. Nami naona uchungu kumwambia jirani wa bwawa kwamba samaki ni wa kutazamwa na mgeni tu. Heri kila mwenye kibali aruhusiwe kuchukua samaki wawili kwa siku, aache kuvua akishawapata, na uvuvi usimamishwe maji yanapopata joto katika kiangazi cha Januari hadi Machi.

Wanamazingira wana pingamizi moja ambalo sioni njia ya kulikwepa. Trauti wa upinde wa mvua yumo katika orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani, pamoja na mbuta (sangara), aliyewamaliza samaki wengi wa asili wa Ziwa Viktoria na ambaye watu wa Kisumu hawahitaji kusimuliwa habari zake. Vijito vya Kuresoi huingia Mto Itare, kisha Sondu, hadi Ziwa Viktoria. Trauti hatafika ziwani kwa sababu ya joto, lakini huko juu kwenye baridi anaweza kuwala samaki wadogo wa asili na kupata changarawe aliyoikosa bwawani. Wavu wa chuma kwenye njia ya kutokea maji husaidia, ingawa huziba kwa majani na hauna maana mafuriko yanapopita juu ya ukingo. Katika nchi kadhaa, ikiwemo Uingereza, hupandikizwa trauti tasa. Hapa, bwawa lililo juu ya kijito ambacho bado kina samaki wake wa asili ningeliacha bila trauti, hata kama hoteli iko tayari kulipa.

Kwa mabwawa yatakayobaki, kazi ya kwanza ni kumweka langoni mtu mwenye mizani na daftari, aandike kila samaki anayetoka, uzito wake, na joto la maji ya asubuhi hiyo. Idadi ya kupandikiza mwaka wa pili itoke katika daftari hilo.