Marine bila vifaru: makombora yatafikaje visiwani?

Mwezi Machi 2020 Jenerali David Berger, kamanda mkuu wa Kikosi cha Marine cha Marekani, alitangaza kwamba vifaru vyote vya kikosi hicho vinaondoka. Hakuzungumzia kupunguza. Batalioni tatu za vifaru zilivunjwa, betri za mizinga, yaani vikosi vidogo vya wapiga mizinga, zikapangiwa kushuka kutoka 21 hadi 5, batalioni za askari wa miguu kutoka 24 hadi 21, kombania za kujenga madaraja zikafutwa, na jumla ya askari ikatakiwa ipungue kwa 12,000 ifikapo 2030. Fedha zitakazopatikana zinunue makombora, rada na droni, kwa ajili ya vita vya visiwani dhidi ya China katika Pasifiki. Miaka miwili baadaye majenerali wastaafu, wakiwemo Paul Van Riper, Anthony Zinni na Charles Krulak, ambaye mwenyewe aliwahi kukalia kiti cha Berger, walitoka hadharani kuupinga mpango huo magazetini. Kwa Marine, ambao huyamaliza mambo yao ndani kwa ndani, hilo halikuwa jambo dogo.

Wengi huusimulia ubishi huu kama ugomvi wa wapenda vifaru na wapenda makombora. Kwa maoni yangu, kifaru, pamoja na tani zake zaidi ya 60, ndicho kipande chepesi kuliko vyote katika hoja hii.

Chukua kifaru cha M1A1. Hovakrafti inayokitoa melini hadi ufukweni hubeba kimoja tu kwa safari. Tangi lake hubeba lita 1,900 hivi za mafuta, na hata barabarani hazikifikishi kilomita 500. Nyuma yake lazima lije lori la mafuta, gari la kukokota, mafundi na vipuri. Kwenye kisiwa chenye barabara moja na madaraja ya tani 20, chombo hicho ni mzigo. Wapinzani hujibu kwa kutaja Hue, Vietnam, mwaka 1968, Fallujah, Iraq, mwaka 2004 na Helmand, Afghanistan, mwishoni mwa 2010, ambako Marine walivihitaji vifaru. Kweli, walivihitaji. Ila Fallujah hukata kuwili: mbele ya rejimenti mbili za Marine zilizoingia mjini Novemba ile walitangulia askari wa Jeshi la Nchi Kavu, wakiwa na vifaru vyao na magari yao ya deraya. Berger anaweza kusema, kumbe vya kuazima vinatosha. Mpinzani naye atasema kwamba vya kuazima hufika pale tu mwenye navyo anapokuwa havihitaji kwingine, na kwamba askari wa miguu na wa vifaru wasiofanya mazoezi pamoja hukosana kwenye kona ya kwanza ya mtaa. Hapo wote wana haki, na kwa vita vya visiwani mizani inamwelemea Berger.

Mizinga ni jambo jingine. Vita vya Ukraine vimeonyesha kwamba kombora la bei kubwa haliondoi haja ya kumwaga risasi za mizinga kutwa kucha, na kikosi chenyewe kilirudi nyuma kidogo, kikaacha betri 7 badala ya 5. Lakini Ukraine hiyohiyo iliizamisha Moskva, manowari ya Urusi, Aprili 2022 kwa makombora yaliyorushwa kutoka nchi kavu, na hilo ndilo wazo zima la Berger katika tukio moja.

Wazo hilo limepewa mwili katika vikosi vinavyoitwa rejimenti za mwambao. Rejimenti ya 3 iligeuzwa kuwa ya aina hiyo Hawaii Machi 2022, na ya 12 ikafuata Okinawa Novemba 2023. Kila moja ina askari wapatao 2,000 katika sehemu tatu: kikosi cha mapigano chenye askari wa miguu na betri ya makombora ya kuzamisha meli, batalioni ya kulinda anga, na batalioni ya ugavi. Silaha yake kuu ni NMESIS, gari dogo la deraya lisilo na dereva, linaloongozwa kwa mbali, likiwa na makombora mawili ya kuzamisha meli, aina ya NSM, mgongoni. Yanapiga meli iliyo umbali wa zaidi ya kilomita 185. Gari linajitokeza, linafyatua, linahama kabla adui hajajibu. Mwaka 2025 liliwekwa katika visiwa vya Batanes, kaskazini kabisa mwa Ufilipino, wakati wa Balikatan, mazoezi ya pamoja ya Marekani na Ufilipino. Ukitazama ramani utaelewa sababu: meli inayotoka Bahari ya China Kusini kuelekea Pasifiki kwa njia hiyo inapita ndani ya masafa ya makombora hayo.

Makombora mawili, lakini. Yakishafyatuliwa, gari ni tupu. Kombora moja lina uzito wa kilo 400 hivi, hivyo halipandishwi kwa mabega. Panahitajika lori lenye winchi, akiba iliyofichwa karibu, na akiba hiyo ikiisha, kitu cha kuleta nyingine kuvuka maji. Hapo ndipo penye ubishi wa kweli, na historia ya Marine wenyewe ina mfano wake.

Desemba 1941 kisiwa cha Wake, katika Pasifiki, kililindwa na Marine wapatao 450 wa Batalioni ya 1 ya Ulinzi, wenye mizinga sita ya pwani ya inchi 5, pamoja na ndege 12 za kivita. Wajapani walishambulia kwa mabomu tarehe 8 wakaharibu nyingi ya ndege hizo zikiwa chini. Tarehe 11 wakaja kutua. Mizinga ilinyamaza mpaka meli zikasogea, ikafyatua, manowari ya Hayate ikazama, na nyingine ikazamishwa na ndege zilizosalia. Adui akageuza. Kikosi kidogo kwenye kisiwa kidogo kilikuwa kimerudisha msafara mzima wa meli, sawasawa na vile rejimenti za mwambao zinavyotarajiwa kufanya. Kisha msafara wa Marekani uliokuwa njiani kupeleka msaada ukaamriwa kurudi tarehe 22, na siku iliyofuata Wake ikasalimu amri. Upande wa Berger hupenda kuishia tarehe 11. Wapinzani huanzia tarehe 22.

Jibu la kikosi kwa tarehe 22 ni meli ya kati ya kutua ufukweni, yenye uwezo wa kusogea hadi mchangani bila bandari. Walitaka 35. Kasi iliyopangwa ni maili 14 za baharini kwa saa, na haina silaha za kutosha kujitetea dhidi ya makombora. Kinga yake ni kufanana na meli za biashara na kusogea kabla vita havijaanza. Jeshi la Wanamaji, ambalo ndilo hununua meli, lilikadiria dola milioni 150 kwa moja. Aprili 2024 ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani ilitoa makadirio ya milioni 340 hadi 430. Desemba mwaka huo zabuni ilifutwa kwa kuwa bei za wajenzi zilikuwa juu mno. Kwa hiyo vifaru vilikwishaondoka na rejimenti zikaundwa, huku meli ya kuzihudumia ikiwa bado kwenye karatasi. Hapo ndipo ninapowapa wapinzani alama. Hata anayekubaliana na kila kilichofutwa atauliza kwa nini kilifutwa kwanza, kikangojewa baadaye kile kinachopaswa kuchukua nafasi yake. Watetezi hujibu kwamba bila kukata kusingekuwa na fedha za kujaribu lolote. Ni jibu la mhasibu, na si jibu baya.

Hoja ya pili ya wapinzani inafika hadi huku kwetu. Januari 1991 ubalozi wa Marekani Mogadishu ulipozingirwa, helikopta za Marine ziliruka kutoka meli zilizokuwa bado mamia ya kilomita baharini, zikijazwa mafuta angani, na watu 281 wakaokolewa. Aprili 2023 mapigano yalipozuka Khartoum hapakuwa na meli ya Marine karibu. Helikopta tatu za Jeshi la Nchi Kavu zilitoka Djibouti, zikapitia Ethiopia, zikachukua watu wasiofika 100. Berger mwenyewe alikiri bungeni kwamba hakuwa na la kumpa kamanda wa vikosi vya Marekani barani Afrika kutoka baharini.

Je, ni kosa la mpango wake? Kwa sehemu. Meli kubwa za kubebea Marine ni za Jeshi la Wanamaji, na ukaguzi wa serikali wa Desemba 2024 ulikuta nusu ya zile 32 zikiwa katika hali mbovu. Kutu haikuletwa na rejimenti za mwambao. Lakini mwaka 2019 Berger ndiye aliyeachana na dai la zamani la meli 38, na ukimwambia mtunza hazina kwamba huhitaji tena, usishangae akikupa pungufu. Bunge lililazimika kuandika 31 kwenye sheria kama kiwango cha chini.

Kuna jambo moja ambalo kambi zote mbili hulipitia haraka. Kikosi kiliunda pia betri ya makombora ya masafa marefu ya Tomahawk ya kurushwa kutoka magarini, kisha kikaufuta mradi huo katika bajeti ya 2026 kwa sababu mtambo haukuweza kutumika kwenye mazingira magumu ya mwambao. Watetezi wanaweza kusema huko ndiko kujifunza: walijaribu, wakaona, wakaacha. Lakini kifaru hakikupewa nafasi hiyo ya kujaribiwa polepole, na mafundi wake waliotawanyika hawarudishwi kwa tangazo.

Mtu anayetaka kujua nani anaelekea kushinda asihesabu makombora yanayoonyeshwa kwenye mazoezi ya Ufilipino. Ahesabu meli za kati zinazoshushwa majini kila mwaka, na asome kwa makini ruhusa za Manila na Tokyo za kuweka makombora visiwani mwao: zinataja mazoezi tu, au zinataja pia kufyatua?