Funksheni: mashine au jozi za namba?

Mwulize mwanafunzi wa sekondari funksheni ni nini, na mara nyingi atakuandikia y = 2x + 3. Hajakosea sana, ila umemwuliza maana naye amekupa mfano. Kwa maoni yangu, chanzo ni mlango tunaomwingizia kwenye somo.

Mlango wa kwanza ni mashine: ingiza 4, zidisha kwa 2, jumlisha 3, inatoka 11. Wa pili ni seti ya jozi za namba, ambamo kila namba inayoingia ina moja tu inayotoka. Wanaotetea mashine wana hoja nzito. Mtoto anaiona kazi ikifanyika, na hata f(g(x)) haimtishi: kinachotoka kwenye g ndicho kinachoingia kwenye f. Anayeanzia kwenye seti aghalabu hukariri maelezo neno kwa neno, kisha akikutana na f(4), yaani kinachotoka kwenye f ukiingiza 4, anazidisha f kwa 4.

Lakini mashine nayo ina upungufu wake. Mwandikie f(x) = 5, atakwambia hiyo si funksheni kwa kuwa haioni x, kumbe kila namba inapelekwa kwenye 5 na basi. Halafu kuna 2(x + 3) na 2x + 6. Moja inajumlisha kwanza ndipo izidishe, nyingine inazidisha kwanza ndipo ijumlishe. Ukizitazama kama mashine, ni mbili. Ila namba yoyote utakayoingiza inatoa jibu lilelile kotekote, kwa hiyo funksheni ni moja. Hapo mwenye mashine hana la kusema. Mwenye jozi analo.

Wanahisabati wakubwa nao hawakulipata jambo hili kwa siku moja. Mwaka 1748 Euler alieleza funksheni kuwa usemi wa kihesabu uliojengwa kwa namba na herufi, yaani fomula. Mwaka 1755 akapanua: ni kiasi kinachobadilika kwa kutegemea kingine. Mwaka 1829 Dirichlet akatoa mfano wa funksheni yenye thamani moja kwa namba zinazoandikika kama sehemu, na thamani nyingine kwa zisizoandikika hivyo. Grafu yake haichoreki.

Kuna sharti moja ambalo pande zote mbili hulipitia haraka mno: kila namba inayoingia itoe moja tu. Katika x² + y² = 25, ambayo grafu yake ni duara, x ikiwa 3, y ni 4 au -4; mstari wima unalikata duara hilo mara mbili, kwa hiyo hiyo si funksheni. Katika y = x², 3 na -3 zote zinakwenda 9, na hiyo ni funksheni halali. Wanafunzi wengi hulipindua sharti hili. Mashine inasaidia hapa: kuingiza vitu viwili vikatoa kimoja si hitilafu, lakini kuingiza kilekile kikatoa mara hiki mara kile ni mashine mbovu.

Ndiyo maana ningeanza na mashine, ila ndani ya juma hilohilo niingize majedwali yasiyo na fomula yoyote. Mpe mwanafunzi hili: 1 inakwenda 7, 2 inakwenda 7, 3 inakwenda 0. Mwulize kama ni funksheni, na kwa nini. Kisha ongeza mstari mmoja, 1 inakwenda 4, umwulize tena.