Niacheni na Githeri Yangu

Jumatatu asubuhi nilikuwa ndani ya matatu, Jogoo Road imeganda kama kawaida, simu ikalia. Kumbe ni lile kundi letu la WhatsApp la safari ya Diani, ambalo tangu Agosti kazi yake ni kukumbushana michango na kutumiana picha za bahari. Mwenzetu mmoja ametuletea "mpango wa wiki sita". Asubuhi, maji vuguvugu na ndimu. Saa nne, tufaha moja. Mchana, yai la kuchemsha na kachumbari. Jioni, supu ya mboga, na isipite saa kumi na mbili. Jumla, kwa hesabu yake mwenyewe, kalori 1,200, na juu yake saa nzima ya jimu siku sita kwa wiki. Chini akamalizia: "Wasichana, Diani hatuendi na vitambi!" Watu kumi na mmoja wakapiga makofi.

Mapajani nilikuwa na mkebe wenye nduma na mayai mawili. Niliufungua nikala papo hapo, makanga akinitazama.

Ningenyamaza kama ningekuwa nausikia mpango huo kwa mara ya kwanza. Lakini mwaka jana niliufuata, karibu neno kwa neno. Nilikuwa nimekaa miaka miwili bila mazoezi, kazi ya kiti na kompyuta, na nguo za likizo zilikuwa zinagoma kiunoni. Nikalipia jimu. Kocha akanipima, akatikisa kichwa kama fundi aliyefunguliwa boneti ya gari bovu, kisha akanipa ile falsafa yake: "Ukisikia njaa, jua mafuta yanaungua." Wahenga walisema adui yako mwombee njaa. Mimi nilikuwa namlipa mtu aniombee, tena kila mwisho wa mwezi.

Wiki ya kwanza mizani ikashuka kilo tatu. Nilipiga picha mizani. Hakuna aliyeniambia kwamba sehemu kubwa ya nilichopoteza ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu tatu za maji. Ukikata ugali, chapati na viazi kwa ghafla, akiba inakwisha na maji yanatoka nayo. Mafuta uliyoyafuata bado yamekaa palepale, yanakuangalia.

Wiki ya tatu, chuma nilichokuwa nakinyanyua wiki ya kwanza kilinishinda. Nikaambiwa nina uvivu. Wiki ya nne nilikuwa navaa sweta mbili ofisini, watu wengine wamefungua madirisha. Usiku sikulala, nilikuwa natazama video za watu wanaopika pilau. Kisha siku moja lifti ikaharibika, nikapanda ngazi kwenda ghorofa ya nne, na kufika ya tatu ukuta ukaanza kutembea. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Askari wa jengo akaja, akaniuliza kwa upole, "Madam, nikuitie mtu?" Nikamwambia niko sawa, nimechoka tu. Mwanamume yule alinipa ndizi yake, chakula chake cha saa nne. Sijaisahau ndizi hiyo.

Na mwezi huo hedhi haikuja.

Hapa naomba niache mzaha kidogo, kwa sababu wasomaji wangu wengi ni wasichana na jambo hili hatuliongei. Nilidhani ni mimba. Haikuwa mimba. Daktari hakuanza na vipimo vikubwa, aliniuliza, "Unakula nini?" Nilipomaliza kumtajia, ambapo sikuchukua muda, aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mwili ukiona chakula kinachoingia hakitoshi kwa kazi unayoutwika, huanza kufunga matumizi yasiyo ya dharura, na uzazi huwa miongoni mwa vya kwanza kufungwa. Ikiendelea hivyo, mifupa nayo hulipa. Hali hii inajulikana sana kwa wanamichezo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa jina rasmi mwaka 2014. Mimi si mwanamichezo. Nilitaka tu kuvaa gauni la maua ufukweni.

Sasa sikilizeni kisa cha Minnesota, maana ndicho kilichonipandisha hasira nilipokisoma. Mwishoni mwa mwaka 1944, vita vikiendelea Ulaya, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitaka kujua njaa inamfanyia nini binadamu, ili ijulikane namna ya kuwalisha watu walionusurika vitani. Wanaume 36 wenye afya, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, wakajitolea. Kwa wiki 24 walipewa wastani wa kalori 1,570 hivi kwa siku, viazi, mkate na makaroni, na walitakiwa kutembea karibu kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza takriban robo ya uzani wao. Walihisi baridi wakati wa joto. Walinuna, waligombana, walilamba sahani. Wengine walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Na walipoachiwa kula, walikula kama hakuna kesho.

Rudieni ile namba. Wanasayansi waliita kalori 1,570 njaa. Kocha wangu alinipa 1,200 akaita nidhamu.

Haya, najua mtaniambia wale walikuwa wanaume, wakubwa kuliko mimi, na wakakaa hivyo miezi sita. Ni kweli. Lakini sweta mbili ni zilezile.

Niliingia Diani nikiwa mwembamba, sikatai. Picha zilitoka nzuri. Kisichoonekana kwenye picha ni kwamba treni haikuwa imefika Mtito Andei nilipomaliza biskuti zangu na za jirani yangu, mtoto wa miaka sita. Asubuhi ya kwanza pale pwani nilikula mahamri na mbaazi nikashindwa kuinuka mezani, na si kwa utamu tu. Siku ya pili nikashikwa na homa ya mafua, nikalala siku mbili nikisikiliza wenzangu wakicheka baharini. Februari kilo zote zilikuwa zimerudi, na zilikuja na ndugu zao.

Mwaka huu nakula. Sisemi najaza tumbo chipsi na soda. Hizo nimepunguza, na nakiri kwa shingo upande kwamba mtu akitaka kupungua lazima ale kidogo kuliko anavyotumia. Hesabu ni hesabu. Lakini kidogo ni kidogo: pungufu ya kalori 300 hadi 500 kwa siku inatosha watu wengi, na mtu bado anafika ghorofa ya nne. Mwenye sukari au presha amwone daktari, asinisikilize mimi wala kundi la WhatsApp.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hii mipango huandikwa kana kwamba Nairobi hakuna chakula. Tufaha la kutoka Afrika Kusini linaitwa afya, nduma ya Gikomba inaitwa wanga. Ukinyanyua chuma unahitaji protini ya kutosha, na watafiti wengi wanaitaja gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili. Mimi nina kilo 68, yaani karibu gramu 109 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6. Yai la kuchemsha na kachumbari litanifikisha wapi? Sasa nenda kwa mama wa kibanda nyuma ya ofisi yetu. Ana omena. Ana ndengu. Ana maziwa lala. Ana githeri, na githeri naomba muipe heshima yake: mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, ambacho maharagwe yanacho tele, maharagwe nayo yanapungukiwa na methionini, kijenzi kingine, ambacho mahindi yanacho. Bibi zetu walivichanganya kwenye sufuria moja bila kocha. Akikuuliza, "Nikuwekee ya ngapi, mrembo?" unamjibu ukijua unachofanya.

Na ugali usiku? Jumla ya siku nzima ina uzito kuliko saa ya kula. Eliud Kipchoge hajawahi kuficha kwamba anakula ugali, na mwaka 2019 alikimbia kilomita 42 pale Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ndiyo, ndiyo, anakimbia kwa wiki moja kilomita ambazo mimi sitazifikisha kwa miezi miwili. Kwa hiyo mlima wangu wa ugali ni mdogo kuliko wake. Ila upo.

Miezi miwili na nusu sasa. Mizani imeshuka kilo mbili na nusu tu, kwa mwendo wa kobe, na kocha mpya, dada mmoja mpole, huniuliza nilikula nini kabla hajaniuliza nina kilo ngapi. Jumamosi iliyopita nilizunguka msitu wa Karura kilomita nane bila kusimama, isipokuwa pale nyani walipokatiza njia, na kwa nyani kila mtu husimama. Gauni la maua linafunga zipu, nikijikaza kidogo.

Kundini nimeandika hayo yote kwa ufupi. Nimepata makofi mawili, na mmoja ameniuliza kama basi yai la kukaanga linaruhusiwa.

Nitamjibu baadaye. Ni saa saba kasorobo, na githeri ya nyama ikiisha pale kibandani hairudi hadi kesho.