Pauni sita za kazi ya nyumbani: zidai kwa bosi

Tangu Rachel Reeves, akiwa waziri wa fedha, asome Bajeti yake ya 26 Novemba 2025, kwenye makundi yetu ya WhatsApp huku Uingereza ni msiba mtupu. Bajeti hiyo ilifuta nafuu ya kodi kwa waajiriwa wanaofanyia kazi nyumbani, kuanzia 6 Aprili 2026, na watu wanaomboleza kana kwamba wamekatwa nusu mshahara. Mimi nasema matanga yavunjwe mapema. Marehemu mwenyewe hakuacha mali.

Tupige hesabu. Kiwango kilikuwa pauni 6 kwa wiki, sawa na 312 kwa mwaka, na hukuulizwa risiti. Lakini hizo 312 hazijawahi kuingia kwenye akaunti ya mtu. Zilikuwa zinaondolewa tu kwenye kipato kinachotozwa kodi. Anayelipa asilimia 20 aliambulia pauni 62.40 kwa mwaka mzima, na anayelipa asilimia 40 akapata 124.80. Yule mwenye kazi ya muda, ambaye mshahara wake wa mwaka haufiki pauni 12,570 ambazo hazitozwi kodi, hakupata hata peni moja, ingawa hita yake inakula gesi ileile. Aliyenacho ndiye aliyeongezewa. Ukitaka kuiona nafuu yenyewe kwa macho, chukua slipu ya mshahara ya zamani ya mtu wa asilimia 20 aliyekubaliwa: kwenye msimbo wa kodi, palipokuwa pameandikwa 1257L pakawa na 1288L, na kule chini, kwenye pesa aliyoondoka nayo, pakaongezeka pauni 5 na peni 20 kwa mwezi.

Na hata hizo tano, kuzipata ilikuwa shughuli. Wengi bado wanakumbuka wakati wa Korona, mwaka wa kodi 2020/21 na uliofuata, HMRC, yaani mamlaka ya kodi, walipolegeza kamba: ukifanyia kazi nyumbani hata siku moja kwa sababu ya janga, unadai mwaka mzima. Mamilioni walidai. Kuanzia Aprili 2022 kamba ikakazwa tena, ila habari hiyo haikutufikia sote, na watu wakaendelea kuambiana "jaza fomu, utapata". Sharti lenyewe ni kwamba uwe umelazimika. Kama mkataba wako unakuruhusu kufanya kazi nyumbani siku kadhaa, hesabu yake ni kwamba umechagua mwenyewe. Hata ukifika ofisini ukakuta viti vimejaa, ukarudi nyumbani na kompyuta yako, bado kwa HMRC umechagua. Mwajiri amepunguza madawati, ameokoa pango la ghorofa nzima, umeme umehamia kwenye bili yako, halafu unaambiwa hayo ni matakwa yako. Hapo ndipo ninapoungana na wanaolalamika. Kiwango kilitoka pauni 4 kwenda 6 mwaka 2020, na bei za gesi na umeme zilipolipuka mwaka 2022 hakuna aliyekigusa.

Katikati ya mkanganyiko huo wakaingia vishoka. Tangazo linakufuata kwenye simu: "Serikali inakudai", weka jina, weka namba yako ya Bima ya Taifa (yale makato ya hifadhi ya jamii kwenye mshahara), gusa hapa. Wanakujazia P87, fomu ya kudai nafuu hiyo, ambayo mtu yeyote anaijaza mwenyewe bila ada, kisha hundi inapitia kwao na wao wanakata chao kwanza. Wapo waliokuwa wanakata karibu nusu. Nusu ya pauni 62! Zamani ilikuwa mbaya zaidi: ulikuwa unasaini karatasi ya kuwahamishia haki ya marejesho yako moja kwa moja, na kujitoa ikawa kazi. Hati za namna hiyo zilizosainiwa kuanzia 15 Machi 2023 hazina nguvu kisheria. Ila na hao vishoka hawakulala: siku hizi wanakusainisha kuwateua wapokee pesa kwa niaba yako. Na ukipewa pesa usizostahili, HMRC wakizidai, wanakudai wewe. Kishoka ameshakula asilimia yake zamani.

Kinachonisumbua ni kwamba nguvu zote hizi tulizielekeza kwa HMRC, na karibu hakuna aliyemgeukia mwajiri. Sheria ya mwaka 2003 inayohusu kodi ya mishahara ina kifungu cha 316A. Mwajiri akikulipa gharama za ziada za nyumbani, kama joto na umeme wa saa za kazi, na mna makubaliano kwamba unafanyia kazi nyumbani mara kwa mara, malipo hayo hayakatwi kodi wala Bima ya Taifa. Hadi pauni 6 kwa wiki, au 26 kwa mwezi, hapaulizwi risiti. Na hapa halitakiwi lile sharti la kulazimika; makubaliano yanatosha, hata kama wewe ndiye uliyeomba. Bajeti haikukigusa kifungu hiki.

Sasa linganisha. Kwa HMRC: pauni 62.40. Kwa bosi: 312 kamili. Mara tano, na yule wa kazi ya muda anapata sawasawa na meneja.

Najua jibu litakalokuja, kwamba bosi gani atatoa pesa za bure. Si za bure, na hesabu ya kumwonyesha ipo. Akikuongezea mshahara wa pauni 312, yeye anatoa 358.80 kwa sababu ya asilimia 15 ya Bima ya Taifa inayomhusu mwajiri, na wewe wa asilimia 20, baada ya kodi na asilimia 8 ya Bima yako, unabaki na 224.64. Akikulipa zilezile kama gharama za nyumbani, yeye anatoa 312 na wewe unapokea 312. Mhasibu yeyote ataelewa kabla hujamaliza kueleza. Kwa hiyo wakati wa kuliingiza ombi hili ni pale mnapozungumzia nyongeza ya mwaka, bosi anapoanza kusema hali ni ngumu na bajeti imebana. Kama kazini kuna chama cha wafanyakazi, heri zaidi lipitie huko, maana mtu mmoja akiomba anaonekana msumbufu, na sisi wageni tunaliogopa jina hilo kuliko wenyeji.

Barua pepe yenyewe isizidi mistari minne. Taja siku ambazo kwa makubaliano yenu unafanyia kazi nyumbani, taja pauni 26 kwa mwezi, taja kifungu cha 316A, uliza kama inaweza kuanza na mshahara wa mwezi ujao. Usichanganye na kodi ya nyumba, mkopo wa nyumba wala kodi ya halmashauri. Hizo ungezilipa hata kama ungeshinda ofisini. Na wale wanaobeba kompyuta jioni kumalizia viporo vya kazi wakiwa kitandani, hawamo. Lazima pawe na mpango unaojulikana, na ni bora uwe umeandikwa hata kama sheria haidai karatasi.

Bosi akikataa, amekataa. Hakuna sheria inayomlazimisha, na hilo ndilo tundu kubwa la utaratibu huu. Serikali imeondoa haki iliyokuwa mkononi mwa mfanyakazi, hata kama ilikuwa ndogo, ikaacha hisani ya mwajiri. Laiti waziri angewabana waliohamishia bili za ofisi kwenye nyumba za watu, ningempigia makofi.

Waliolazimika kweli miaka ya nyuma, yaani ambao mwajiri hana ofisi au kazi yenyewe inawaweka mbali nayo, wasiache pesa zao. Madai yanarudi nyuma miaka minne: mwaka wa kodi 2022/23 unafungwa 5 Aprili 2027, na 2023/24 mwaka mmoja baadaye. Andaa nakala ya mkataba unaoonyesha kwamba nyumbani ndipo unapotakiwa kufanyia kazi, kwa sababu tangu Oktoba 2024 HMRC hawalipi kwa maneno matupu. Na kwenye fomu, pale panapoulizwa pesa ziingie wapi, andika akaunti yako.